Makaisari Wawili wa Mlima Kyffhäuser

Katikati ya nchi ya Ujerumani, katika jimbo la Thüringen, kusini ya milima ya Harz, kuna safu ndogo ya vilima vyenye misitu iitwayo Kyffhäuser. Si milima mikubwa. Hata kilele chake kilicho kirefu kupita vyote hakifiki mita 500, na mtu aliyezoea kuutazama Kilimanjaro au Meru angeviita vichuguu. Lakini juu ya kilima kimojawapo, mahali palipokuwa na ngome ya wafalme wa kale, umesimama mnara wa mawe mekundu wenye urefu wa mita 81, yaani kama minazi mitatu au minne mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Msafiri huuona toka mbali sana, naye akiuliza wenyeji, ataambiwa kuwa ni mnara wa Kaisari.

Akiuliza tena, ni Kaisari gani, jibu halitakuwa jepesi, kwa maana makaisari wa mnara ule ni wawili. Chini, katika ua uliochimbwa ndani ya mwamba, ameketi mfalme mzee wa jiwe mwenye ndevu ndefu, kama mtu aanzaye kuzinduka usingizini. Juu yake, mbele ya mnara, yuko mfalme mwingine wa shaba, amepanda farasi, amevaa mavazi ya askari. Yule wa chini alikufa mwaka 1190. Yule wa juu alikufa mwaka 1888. Kati yao ni miaka karibu 700, wala hawakuwa wa ukoo mmoja. Ni nani basi aliyewakutanisha, na kwa sababu gani?

Tumeona vema kuyaandika mambo haya kwa ajili ya wasomaji wetu, si kwa kuwa twapenda kusimulia habari za ugenini tu, bali kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza, mnara huu hutufundisha jinsi mataifa yanavyoyatumia majina ya wafu wao. Sababu ya pili, mmoja wa wafalme hawa wawili alitia sahihi barua moja iliyoigeuza nchi yetu hii, na wazee wetu wakayaonja matunda yake. Tutaifikia habari hiyo mahali pake.

Tuanze na yule mzee wa jiwe. Jina lake ni Friedrich, wa kwanza wa jina hilo katika makaisari. Waitalia walimwita Barbarossa, maana yake ni Ndevu Nyekundu. Alizaliwa yapata mwaka 1122. Baba yake alikuwa wa ukoo wa Staufer, na mama yake wa ukoo wa Welf, nazo koo hizi mbili zilikuwa zimeshindana kwa muda mrefu. Ndiyo maana wakuu wa Wajerumani walipokutana mjini Frankfurt mwaka 1152 kumchagua mfalme, walimtazama Friedrich kuwa mtu awezaye kuzipatanisha, kwa kuwa damu ya pande zote mbili ilikuwa ndani yake. Mwaka 1155 alivikwa taji ya Kaisari mjini Roma na Papa Adriani wa nne.

Hapa ni lazima msomaji aangalie sana. Kaisari wa siku zile hakuwa Kaisari wa Wajerumani peke yao. Ufalme wake ulihesabiwa kuwa urithi wa ufalme wa Roma ya kale, na ndani yake walikuwamo Wajerumani, Waitalia, watu wa Burgundi na wengine. Friedrich alitumia miaka mingi ya maisha yake katika Italia, akaenda huko na majeshi yake mara sita. Miji ya kaskazini ya Italia ilikuwa na biashara nyingi na mali nyingi, nayo haikutaka kutawaliwa na maliwali wake. Mwaka 1162 aliushinda mji wa Milano baada ya kuuzingira, akaamuru ubomolewe. Lakini watu wa Milano hawakukata tamaa. Walirudi, wakaujenga tena, wakafanya mapatano na miji mingine, na mwaka 1176, mahali paitwapo Legnano, wakalishinda jeshi la Kaisari. Mwaka uliofuata Friedrich akapatana na Papa Aleksanda wa tatu mjini Venezia, na mwaka 1183 akaiachia miji ile haki zake nyingi. Basi alikuwa mtu hodari, lakini hakuwa mtu asiyeshindwa.

Mwaka 1187 Sultani Saladini aliutwaa Yerusalemu, na habari zilipofika Ulaya wafalme wengi waliapa kwenda kuurudisha. Friedrich naye aliapa, ingawa umri wake ulikuwa umekwisha kupita miaka 60. Mwezi wa Mei mwaka 1189 aliondoka mjini Regensburg na jeshi kubwa, akashika njia ya nchi kavu. Wakapita katika nchi ya Wayunani, wakavuka kwenda Asia, wakaona njaa na kiu na vita. Siku ya 10 Juni mwaka 1190 wakafika katika nchi ya Kilikia, nchi ileile alikozaliwa Mtume Paulo, kwenye mto uitwao Saleph. Hapo Kaisari akafa maji. Wengine husema alikuwa akivuka na farasi wake, wengine husema aliingia kuoga ili kupoza mwili. Yaliyo hakika ni haya, kwamba mtu aliyewatisha wakuu wa Ulaya kwa miaka 38 aliuawa na mto wa mlimani kwa dakika chache, na jeshi lake likatawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu. Nyama ya mwili wake ilizikwa Antiokia. Kaburi la mifupa yake halijulikani hata leo.

Mtu asiye na kaburi huacha maneno nyuma yake. Lakini tutastaajabu tukijua kwamba hadithi ya Kaisari aliyelala mlimani haikuanza na huyu. Ilianza na mjukuu wake, Friedrich wa pili, aliyekulia katika kisiwa cha Sisilia, akaishi Italia kuliko Ujerumani, akagombana na Mapapa hata akatengwa na Kanisa, kisha akafa mwaka 1250. Baada ya kifo chake ufalme uliingia katika machafuko, hata kwa miaka zaidi ya 20 hapakuwa na mfalme aliyekubaliwa na wote. Wakuu walinyang'anyana mashamba, njia zikajaa wanyang'anyi, na mtu maskini hakujua alalamike kwa nani. Ndipo watu walipoanza kunong'ona kwamba Kaisari Friedrich hakufa, amejificha tu, naye atarudi kuwaadhibu wabaya. Wakatokea hata wadanganyifu waliosema, mimi ndiye. Mmoja wao, Tile Kolup, alipata wafuasi wengi, akakaa kama mfalme kwa muda, mpaka alipokamatwa na kuchomwa moto karibu na mji wa Wetzlar mwaka 1285.

Basi miaka ikapita, na watu wakasahau ni Friedrich yupi aliyekuwa akinenwa. Hata ilipofika karne ya 16, hadithi ikahamia kwa yule babu mwenye ndevu nyekundu, na mahali pa usingizi wake pakasemwa kuwa ndani ya mlima Kyffhäuser. Wasimuliaji walisema hivi: Kaisari ameketi pangoni mbele ya meza ya jiwe, amelala, na ndevu zake zimeota hata zimeizunguka meza. Kila baada ya miaka 100 huzinduka kidogo, humtuma mtu wake kibeti kutazama nje kama kunguru wangali wakiruka kuuzunguka mlima. Wakiwapo, hulala tena miaka mingine 100. Siku watakapoondoka kunguru, ataamka, naye atairudishia nchi yake umoja na fahari.

Wasomaji wetu waliokaa na bibi na babu jioni karibu na moto watazitambua hadithi za namna hii. Si Wajerumani peke yao walio nazo. Wanyonge wakipata taabu, na wakiona wakubwa wa siku zao hawana haki, huwaza juu ya mkubwa wa zamani aliyekuwa na haki, au aliyedhaniwa kuwa nayo. Hadithi ile ilikuwa kilio cha watu. Ilikuwa mali ya wakulima na wachunga kondoo wa vijiji vile, wala haikuandikwa kwa amri ya mfalme yeyote. Neno hili tulishike, maana baadaye litageuka.

Mwaka 1806 Napoleoni, mtawala wa Wafaransa, aliwashinda Wajerumani, na ufalme ule wa kale, uliodumu zaidi ya miaka 800, ukavunjwa. Hata Napoleoni mwenyewe aliposhindwa, ufalme haukurudi. Ujerumani ukabaki umegawanyika katika nchi 39, kubwa na ndogo, kila moja na mkuu wake na sheria zake na ushuru wake. Vijana waliosoma wakaona uchungu. Wakaanza kuzitafuta hadithi za kale, na ndipo walipomkumba mzee wa pangoni. Ndugu wawili waitwao Grimm waliiandika hadithi yake katika kitabu chao cha mwaka 1816. Mwaka 1817 Friedrich Rückert akatunga shairi fupi juu yake, na shairi hilo likafundishwa watoto shuleni kwa vizazi vingi, hata ikawa vigumu kumwona mtoto wa Kijerumani asiyelijua. Si wote waliopendezwa. Mtunga mashairi mwingine, Heinrich Heine, alimfanyia mzaha mzee yule mwaka 1844, akaonyesha kwamba watu wanaweza kujikomboa bila kumngoja Kaisari yeyote.

Sasa tumtazame yule wa pili, aliyepanda farasi. Wilhelm alizaliwa mwaka 1797 katika ukoo wa Hohenzollern, wafalme wa Prusia. Alipokuwa kijana alipigana na majeshi ya Napoleoni. Mwaka 1861 akawa mfalme wa Prusia, naye alikuwa mtu wa miaka zaidi ya 60. Waziri wake mkuu alikuwa Otto von Bismarck, mtu mwenye akili nyingi na huruma chache. Kwa shauri la Bismarck, Prusia ilipigana vita vitatu katika muda wa miaka saba: mwaka 1864 na Denmark, mwaka 1866 na Austria, na mwaka 1870 na Ufaransa. Tena tuangalie kwamba vita vya mwaka 1866 vilikuwa vya Wajerumani kwa Wajerumani, kwa maana Austria nayo ilikuwa ya watu wa lugha ileile, na ndani ya ufalme uleule wa kale. Umoja uliosifiwa baadaye ulianza kwa kumfukuza ndugu mmoja nyumbani.

Siku ya 18 Januari mwaka 1871, katika jumba la kifalme la Versailles, karibu na Paris, ndani ya ukumbi mkubwa wa vioo, wakuu wa Wajerumani walimtangaza Wilhelm kuwa Kaisari. Msomaji atadhani mzee yule alijaa furaha. Haikuwa hivyo. Wilhelm aliupenda ufalme wake wa Prusia, akaogopa kwamba jina jipya litaumeza lile la kale. Tena aligombana na Bismarck juu ya jina lenyewe: yeye alitaka aitwe Kaisari wa Ujerumani, na Bismarck alitaka aitwe Kaisari wa Kijerumani, ili wakuu wengine wasione kwamba nchi zao zimekuwa mali yake. Mfalme alikasirika hata siku ile ya sherehe.

Lakini watu wa nje hawakuyaona hayo. Waliona ya kuwa Ujerumani umekuwa mmoja na Kaisari amerudi. Wakasema, hadithi imetimia. Mzee wa pangoni ameamka, naye ni Wilhelm. Kwa kuwa yule wa kwanza aliitwa Ndevu Nyekundu, wakampa huyu wa pili jina la Ndevu Nyeupe, yaani Barbablanca. Wahenga wetu husema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Lakini hapa wakubwa walifanya hila. Hawakungoja lije, walilichukua neno la watu wakalivalisha mavazi ya serikali.

Wilhelm alikufa siku ya 9 Machi mwaka 1888, naye alikuwa na miaka 90. Mara vyama vya askari wa zamani, wale waliopigana katika vita vile vitatu, vikashauriana kumjengea ukumbusho. Wakachagua mlima Kyffhäuser. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya 10 Mei mwaka 1892, siku ya kukumbuka mapatano yaliyomaliza vita na Ufaransa. Mnara ulifunguliwa siku ya 18 Juni mwaka 1896, mbele ya Kaisari Wilhelm wa pili, mjukuu wa yule wa kwanza. Gharama yake ilikuwa karibu mark milioni moja na nusu, fedha nyingi kwa siku zile, na askari wa zamani wenyewe walichanga sehemu yake. Tusiwadharau watu hawa. Wengi wao walikuwa wakulima na mafundi, walikuwa wamewazika rafiki zao katika nchi ya kigeni, nao walitaka pawepo mahali pa kuwakumbuka. Lakini vyama vile havikuwapokea wafuasi wa chama cha wafanyakazi, ijapokuwa nao walipigana vita vilevile. Basi mnara wa umoja ulijengwa na watu waliowafungia wenzao mlango.

Fundi aliyeuchora mnara ni Bruno Schmitz. Huyu alijenga minara mingine mikubwa ya Ujerumani, mmojawapo ni ule wa Leipzig uliofunguliwa mwaka 1913. Hapa Kyffhäuser aliyachukua mawe mlimani palepale, na shimo lililobaki baada ya kuchimba hakulifukia, bali alilifanya kuwa ua wa Barbarossa. Kwa hiyo mtu akiingia katika ua ule huona kuta za mwamba mbichi, na katikati yake mzee wa jiwe, mwenye kimo cha mita sita na nusu, aliyechongwa na Nikolaus Geiger. Mawe yanayomzunguka yameachwa bila kulainishwa sana, hata mtu hudhani ya kuwa mlima wenyewe ndio unaomzaa.

Kisha macho hupanda juu. Huko yuko Wilhelm juu ya farasi wake, kazi ya Emil Hundrieser, sanamu ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo, yenye kimo cha zaidi ya mita tisa. Upande mmoja wa farasi ameketi askari wa kale wa Kijerumani, mfano wa nguvu za vita. Upande wa pili yuko mwanamke, mfano wa Historia, naye anamtolea Kaisari shada la majani kwa kumtukuza. Juu kabisa, kilele cha mnara kimevikwa taji kubwa ya mawe. Ndani yake zimo ngazi nyingi, na mwenye miguu hodari akizipanda huona misitu na mashamba mpaka mbali. Karibu na hapo, katika magofu ya ngome ya kale, kuna kisima kilichochimbwa ndani ya mwamba hata mita 176 kwenda chini. Kwa maoni yetu kisima hiki ni cha kustaajabisha kuliko mnara, maana waliokichimba hawakuwa na mashine, wala hakuna aliyeandika majina yao juu ya jiwe.

Maana ya sanamu hizi yasomeka hata na mtu asiyejua kusoma. Wa chini anaamka, wa juu amekwisha kuja. Wa chini ameahidi, wa juu ametimiza. Lakini sisi tulioyapita maisha yao pole pole twaweza kuuliza: je, Friedrich angekubali? Yeye alikuwa Kaisari wa Roma, hakujua umoja wa Wajerumani peke yao. Milima ya Italia aliijua vizuri kuliko misitu ya Prusia. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mjukuu wake kabla ya kuwa yake. Tena mwanamke yule aitwaye Historia, anayetoa shada kwa Kaisari, hakuulizwa. Waswahili husema, asiyekuwapo na lake halipo. Wafu hawapo barazani kujibu, basi kila aliye hai huwatia kinywani maneno anayoyataka.

Sasa tuje katika habari ya kwetu tuliyoahidi. Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters alipita upesi katika nchi zilizo nyuma ya pwani yetu, akiwatia machifu sahihi za alama juu ya karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma. Akarudi Berlin na karatasi zake. Siku ya 27 Februari mwaka 1885 Kaisari Wilhelm, huyuhuyu wa juu ya farasi, akatia mkono barua ya ulinzi iliyozitaja nchi nne: Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Hakuziona kamwe kwa macho yake, na wenyeji wa nchi hizo hawakumwona. Hata hivyo barua hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wa utawala wa Wadachi, kama wazee walivyowaita. Kwa mlango huo viliingia vita vya pwani vya mwaka 1888, na vita vya Uhehe, na vita vya Majimaji vya mwaka 1905.

Mwaka 1896, mnara wa Kyffhäuser ulipofunguliwa kwa ngoma na bendera, Mkwawa wa Uhehe alikuwa angali akipigana porini. Ngome yake ya Kalenga ilikuwa imetwaliwa mwaka 1894. Mwaka 1898, alipoona hana njia, alijiua mwenyewe asikamatwe, na kichwa chake kikakatwa kikachukuliwa. Baadaye, Ujerumani uliposhindwa katika Vita Kuu ya kwanza, mapatano yalitiwa sahihi siku ya 28 Juni mwaka 1919. Mahali gani? Palepale Versailles, katika ukumbi uleule wa vioo alimotangazwa Wilhelm. Na katika mapatano yale, fungu la 246, Wajerumani waliagizwa kulirudisha fuvu la Mkwawa. Haikutimizwa mpaka mwaka 1954, ambapo Gavana Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, fuvu lililotoka katika jumba la makumbusho la Bremen. Likawekwa Kalenga, na liko huko.

Twaziweka habari hizi mbili pamoja, nanyi wasomaji mzipime. Watu mmoja walikuwa na mfalme ambaye kaburi la mifupa yake halijulikani, wakamjengea mnara wa mita 81. Watu wengine hawakuwa na mnara wowote, lakini kwa miaka 56 hawakuacha kuikumbuka mifupa ya mtu wao, hata iliporudi. Fahari za nje ni mbalimbali. Uchungu wa kumkosa mzee wako ni mmoja.

Yaliyoupata mnara baada ya hayo twayasema kwa ufupi. Ufalme uliotukuzwa kwa mnara huo ulidumu miaka 47 tu. Mwezi wa Novemba mwaka 1918 Wilhelm wa pili, yule aliyeufungua mnara, alikimbilia Uholanzi, wala hakurudi. Kisha akaja Hitler na watu wake, nao wakautumia mlima kwa sifa zao. Mwaka 1939 ikasimamishwa hapo sanamu ya Hindenburg, jemadari wa zamani. Na Hitler alipokusudia kuivamia Urusi, aliyapa mashauri yake ya vita jina la Barbarossa. Vita hivyo vilianza siku ya 22 Juni mwaka 1941, vikaua watu mamilioni. Ndivyo jina la mzee wa hadithi, ambaye zamani alikuwa tumaini la wakulima, lilivyofika hata kuwa jina la mauaji. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, sanamu ya Hindenburg iliondolewa ikafukiwa ardhini mlimani. Barbarossa na Wilhelm waliachwa.

Ujerumani ukagawanyika tena, mashariki na magharibi, na mlima Kyffhäuser ukawa upande wa mashariki. Kama ilikuwako siku ya mzee kuamka, ingekuwa hiyo. Lakini hakuamka. Mwaka 1989 watu wa mashariki, wenye viwanda na wenye makanisa, vijana na wazee, walitoka njiani usiku baada ya usiku wakichukua mishumaa mikononi, bila upanga wala bunduki. Siku ya 9 Novemba ukuta wa Berlin ukafunguliwa, na siku ya 3 Oktoba mwaka 1990 nchi ikawa moja. Hapakuwa na Kaisari, wala farasi, wala kunguru. Umoja uliongojwa pangoni kwa miaka mamia uliletwa na watu waliotembea kwa miguu yao.

Leo mnara ungali upo, na wageni hufika kuutazama. Wajerumani hawakuubomoa, huwaeleza watoto wao ulijengwa na nani na kwa nia gani. Twaona ni jambo la busara. Jiwe halina kosa, na mtoto aliyeelezwa vema hawezi kudanganywa na jiwe.

Nasi tujifunze hapo. Tukipita mbele ya sanamu au nguzo ya ukumbusho, iwe ya nchi gani, tuulize maneno matatu: Nani aliyeisimamisha? Mwaka gani? Na nani aliyetaka kuwapo katika habari hiyo akakataliwa? Kisha turudi vijijini mwetu. Wako wazee wanaojua yaliyotendeka, nao hupungua kila mwaka. Wenye kujua kuandika na wakae nao, wayaandike maneno yao kama walivyoyasema, na majina na miaka yake, kabla hajaja mtu mwingine kuwachongea wazee wetu vinywa vya mawe na kuwasemesha asivyosema mmoja wao.